Picha za Operesheni Anvil Mitaani Eastlands

Picha nyingi za vita vya Mau Mau zinazojulikana ulimwenguni zilipigwa na wapigapicha wa jeshi la Uingereza, wa serikali ya kikoloni au wa magazeti ya kigeni. Baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Imperial War Museum jijini London.

Zile za Nairobi aghalabu zinahusu Operesheni Anvil. Alfajiri ya Jumamosi, Aprili 24, 1954, mwaka mmoja na nusu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, Jenerali George Erskine aliamuru mji uzingirwe na wanajeshi na polisi wapatao 25,000. Mitaa ya Eastlands, ikiwemo Bahati na Pumwani, ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wakazi wengine, wakapitishwa mbele ya gakunia, yaani wapelelezi waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Kichwa kikitikiswa, mtu alipakiwa lorini. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wengi wakapitia kambi ya Lang'ata kabla ya kupelekwa Manyani na Mackinnon Road.

Kamera ilisimama upande wa wenye bunduki. Ndiyo maana malori, seng'enge na safu za wanaume waliochutama huonekana wazi, ilhali wake na watoto waliorudishwa mashambani, na vyombo walivyoviacha vyumbani, ni nadra kuonekana.

Upendeleo huo ulikuwa umejitokeza mapema huko Lari. Shambulio la Mau Mau la usiku wa Machi 26, 1953, lilipochoma nyumba na kuua makumi ya watu, serikali ilisambaza picha zake kwa bidii. Mauaji ya kisasi yaliyofanywa na askari wake hayakutangazwa hivyo.

Kuanzia Juni 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji takriban 800 vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, huku maboma yao ya zamani yakiteketezwa. Picha rasmi ziliviita maendeleo.

Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kuwa na majalada ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park. Juni 2013 ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 pauni milioni 19.9. Katika maelezo ya picha nyingi za Anvil, hata hivyo, vikosi vimetajwa kwa majina. Waliochutama wameandikwa tu kuwa washukiwa.