Kabaka Mutesa na Wasomaji

Wasikilizaji, Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa amekwisha kusoma Kurani walipomfikia Waprotestanti wa Uingereza mwaka wa 1877, na Wakatoliki wa Kifaransa mwaka wa 1879. Naye alipenda sana kuuliza. Lakini wageni hao walibishana mbele yake juu ya Kristo yule yule. Basi aliposita, nani amlaumu? Tena alitaka bunduki za kuwazuia Wamisri, wala hakutaka kuwaacha wakeze wengi. Akafa mwaka wa 1884 bila kubatizwa.

Vijana watumishi wa jumba lake hawakuwa na ufalme wa kulinda. Walijifunza kusoma, hata walioamini wakaitwa wasomaji. Tarehe 3 Juni 1886 baadhi yao walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Mwanga, mwanawe Mutesa. Waliotaka ubatizo wakazidi.