Mzazi Anapougua Saratani: Mweleze Mtoto Ukweli

Mtoto asiyeambiwa kitu hubaki na mawazo yake. Anaweza kudhani utundu wake ndio ulioleta ugonjwa. Mwambie kwa maneno machache: "Baba anaumwa saratani. Si kosa lako, na haiambukizi." Mwandae mapema: dawa za saratani huweza kunyonyoa nywele na kuleta uchovu. Kama baba atakaa Ocean Road wiki kadhaa kwa matibabu ya mionzi, mwambie mtoto ni nani atakayempikia na kumpeleka shule.

Akiuliza, "Baba atakufa?", usimwahidi usilolijua. Sema: "Madaktari wanamtibu. Nikipata habari mpya, nitakuambia." Mjulishe na mwalimu wake. Akianza tena kukojoa kitandani au akikataa kula, usimchape. Huenda ni hofu. Mlete kliniki tumwone.