Nani Anamvisha Mchezaji?

Najua nimepotea kibarazani karibu mwezi mzima, msinilaumu sana. Niko BTP huku nyumbani mkoani Simiyu, na mwanafunzi wa ualimu akiwa BTP anakuwa mtumwa wa maazimio ya kazi na maandalio ya somo. Nafundisha Historia kidato cha kwanza na cha pili. Chaki ninazotumia zimetengenezwa hapo jirani Maswa, na vumbi lake limeshahamia kwenye suruali zangu zote mbili.

Leo lakini sitaki kuandika mambo ya BTP. Nataka kuandika historia ya kitu ambacho kwenye mtaala hakimo kabisa: nguo za watu wa kwenye gemu. Yaani zile skini, jezi, sura na rangi anazovalishwa mtu wa kwenye skrini. Kabla hujacheka, ngoja nikupe sababu.

Jumamosi iliyopita baba aliniita barazani. Mezani kulikuwa na vitu viwili: ripoti ya shule ya mdogo wangu aliyeko kidato cha tatu, na simu yake. Hisabati dogo alipata 18. Simu yenyewe ilinunuliwa kwa hela ya pamba, tena mwaka ambao hela ya pamba haikuwa nyingi. Baba akasema, "Mwalimu (tangu nianze chuo haniiti jina tena), wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nimeuliza huyu mtoto anafanya nini na simu usiku, ananiambia anachora nguo za watu wa kwenye mpira wa simu. Kumvisha mtu ambaye hayupo, hiyo nayo ni kazi? Niambie, niiuze au nisiiuze."

Dogo alikuwa amesimama mlangoni, macho chini, haongei. Nikaomba siku moja ya kufikiri. Baba akakubali, ila simu akabaki nayo mpaka jioni.

Usiku ule nikakaa na dogo chumbani anionyeshe. Anacheza Dream League Soccer, gemu la mpira la kampuni ya First Touch Games ya Uingereza. Wengi wenu mnalijua. Gemu hilo linakuruhusu kuiletea timu yako jezi uliyochora mwenyewe. Unachora picha ya mraba, pikseli 512 kwa 512, unaipandisha mtandaoni, kisha unabandika anwani yake ndani ya gemu. Ukifungua mechi, wachezaji wanatoka wamevaa kazi yako.

Ile picha ukiiona peke yake huelewi kitu. Ni kama kitambaa fundi cherehani akishakikata kabla ya kushona: kifua huku, mgongo kule, mikono pembeni, bukta chini, soksi kwenye kona. Kila kipande kina mahali pake. Gemu ndilo linaloshona, linachukua picha bapa na kuuzungushia mwili wa mchezaji. Ukikosea mstari kwa pikseli chache tu, ukifika kwapani unakatika, wa mbele hauonani na wa nyuma. Dogo aliniambia mstari mmoja wa ubavuni aliurudia mara tisa. Halafu anachora na vivuli mwenyewe, weusi kidogo chini ya kwapa, weupe kidogo begani, ili jezi ionekane ina mikunjo. Vyote hivyo kwa kidole, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa turudi kwenye swali la baba, maana ni swali la historia. Kumvisha mtu ambaye hayupo, kazi hiyo ilianza lini?

Kwenye kompyuta, mwanzoni hapakuwa na mtu wa kuvishwa. Mwaka 1972 Atari walitoa Pong, na mchezaji alikuwa kijistari cheupe tu kinachopanda na kushuka. Mwaka 1981 Nintendo wakatoa Donkey Kong, na Mjapani Shigeru Miyamoto akamchora jamaa ambaye baadaye dunia ilimwita Mario. Nafasi ya kumchora ilikuwa finyu ile mbaya, vidoti vichache mno. Kwa hiyo akamvisha kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu ili asichore mdomo, akamvisha ovaroli ili mikono ionekane ikitembea. Nguo maarufu kuliko zote kwenye historia ya gemu ilitokana na shida ya nafasi.

Wakati huo ile kazi ya kukizungushia kitu picha ilikuwa imeshagunduliwa, ila bado ilikuwa chuoni. Mwaka 1974 Edwin Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, aliieleza kwenye tasnifu yake ya udaktari: namna ya kuchukua picha bapa na kuibandika kwenye umbo lenye mbele, nyuma na pembeni. Wataalamu wanaviita vipimo vya picha hiyo U na V, kwa sababu herufi X, Y na Z zilishachukuliwa na umbo lenyewe. Jezi ya dogo inakaa mwilini kwa hesabu hizo hizo.

Kisha mwaka 1996 likaja Quake la id Software. Humo watu walikuwa maumbo kamili, na picha iliyowafunika iliitwa kwa Kiingereza ngozi, ndiyo hiyo skini. Wachezaji hawakungoja ruhusa, wakaanza kuchora ngozi zao na kugawiana. Miaka ya baadaye Minecraft likalifanya jambo hilo kuwa la kila mtoto: skini yake ni picha ndogo, pikseli 64 kwa 32, na mwaka 2014 ikaongezwa kuwa 64 kwa 64. Wenye kampuni nao wakaona hapa pana hela. Mwaka 2013 Counter-Strike: Global Offensive lilianza kuuza rangi za bunduki, na Fortnite la mwaka 2017 likapata utajiri mkubwa kwa kuuza mavazi ambayo hayamsaidii mtu kupiga shabaha hata kidogo. Watu wanalipa ili waonekane tu.

Sasa sisi tulikuwa wapi kwenye hadithi hiyo? Mara nyingi tulikuwa tunavishwa. Mwaka 1997 Capcom wa Japani walitoa Street Fighter III, ndani yake kuna binti anaitwa Elena, wanasema anatoka Kenya. Nywele nyeupe, nguo ndogo kama ya kuogelea, bangili mikononi na miguuni, na anapigana kwa capoeira. Capoeira, wadau, ni mchezo wa Brazili! Simlaumu sana aliyemchora, pengine alidhani anatusifu. Lakini Mkenya yule alivishwa na mtu ambaye hakumuuliza Mkenya.

Na mara nyingine hatukuwemo kabisa. Nikiwa darasa la nne hapa Bariadi kulikuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi, PlayStation 2 mbili na televisheni za mgongo mkubwa, tunalipia kwa mechi. Mpira tuliocheza ulikuwa Pro Evolution wa Konami. Hata Liverpool humo iliitwa Merseyside Red, kwa sababu Konami hawakuwa na haki ya jina. Simba, Yanga na Taifa Stars hazikuwepo hata kwa jina la kuficha. Basi kaka mwenye kibanda alikuwa anaingia sehemu ya kuhariri, anachukua timu isiyo na wenyewe, anaipaka kijani na njano, anachora nembo kidoti kwa kidoti, anahifadhi kwenye memori kadi. Timu ya pili akaipaka nyekundu na nyeupe. Siku alipomaliza tulishangilia kama tuko uwanja wa taifa. Timu zimeanzishwa 1935 na 1936, zimeingia kwenye gemu kupitia kaka mmoja wa kibandani ambaye hakuna kitabu kitakachomtaja.

Baadaye wengine walivuka hatua. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu la kupigana na wavamizi kutoka anga za juu, na vita vinapiganwa Nairobi. Na mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilipotoa gemu la kuendesha mabasi, vijana wa Kenya na Tanzania walilidaka, maana basi lake unalipaka rangi unavyotaka, na Indonesia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Mabasi ya huku yakaanza kukata mitaa ya kule.

Lakini nikiwa nimelala usiku ule nikakumbuka kitu cha karibu zaidi. Shuleni tuliwahi kupelekwa ziara Bujora, pale Kisesa, Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Tulifundishwa habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivi hushindana, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo kila upande ulitafuta cha kuwashangaza watu: mavazi, dawa, nyoka, na pia vinyago vya watu vya mbao, vingine vyenye viungo vinavyochezeka. Kinyago kinainuliwa, umati unahama. Mtu ambaye hayupo, ametengenezwa na fundi, ili wewe uache upande ule uje upande huu.

Baba, hiyo kazi ilikuwepo kwetu kabla ya umeme.

Ila kuna jambo lingine kwenye vinyago vile, na mimi kama mwanafunzi wa Historia linaniuma. Sanamu nyingi za Kiafrika zilizoko kwenye makumbusho ya Ulaya zimeandikwa kabila, zimeandikwa aliyezikusanya, jina la fundi halipo. Dogo naye yameshamkuta. Jezi aliyoichora wiki tatu aliikuta kwenye ukurasa mmoja wa mashabiki, wamefuta alama yake, wameweka yao, watu wanashukuru. Alinisimulia huku anacheka, lakini mimi ni kaka yake, najua kicheko chake.

Kwa hiyo nikapata ninachokiamini: anayemvisha mchezaji ndiye anayeamua nani ataonekana. Na kwenye historia, anayevisha bila kuandika jina lake husahauliwa wa kwanza.

Jumapili baada ya misa tukakaa tena barazani. Sikumficha baba. Nilimwambia 18 ni 18, gemu halitamfanyia mtihani, na usiku wa manane mtoto anatakiwa kulala. Halafu nikamwomba dogo aoneshe jezi ya mwisho aliyochora. Ilikuwa ya timu ya kijiji chetu. Timu hiyo ukweli wake inacheza na fulana za kuazimana, wengine peku. Kwenye simu walitoka wote wamevaa nyeupe yenye ukosi wa kahawia, na kifuani nembo ya kitumba cha pamba kilichofunguka.

Baba akavaa miwani. Akaisogeza simu, akaitazama muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Hii pamba si ya huku."

Dogo akauliza kwa nini.

"Umechora vyumba sita. Kitumba kinafunguka vinne, kikizidi vitano. Wewe umekulia shambani, hujawahi kuhesabu?"

Akatoka, akarudi na kitumba kikavu alichokitoa stoo, akakiweka mezani karibu na ripoti ya shule. Dogo akakihesabu kwa kidole. Vinne. Akakaa palepale na kuanza kufuta, na baba akavuta kiti kuangalia.

Uamuzi ukawa hivi: simu haiuzwi. Jumatatu hadi Ijumaa inalala kwa mama. Mimi nasimamia Hisabati kila jioni mpaka BTP iishe, na nimeanza na jiometri ya kuratibu, maana nimegundua anaijua kwa pikseli, asichojua ni kuiandika kwenye daftari. Jana alipata maswali matatu kati ya matano. Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yameshanyooka. Mtihani wa Novemba ndio utakaosema.

Ile jezi imekamilika, vyumba vinne. Chini kabisa kwenye ukosi, herufi ndogo mno, ameandika jina lake. Nilitaka kulitaja hapa akakataa, anasema kwanza apande kwenye Hisabati. Nimemkubalia.

Naomba kuwakilisha. Kesho nina kipindi cha kwanza na andalio la somo bado.