Kelele za Nyumba ya Jirani

Redio ya ridhaa nchini Marekani ilianza ikiwa yenyewe ndiyo kero. Mitambo ya cheche ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilitapanya mawimbi ovyo, na jeshi la wanamaji likalalamika kwamba vijana wanavuruga mawasiliano yake. Sheria ya mwaka 1912 ikawasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambako wakati huo palidhaniwa hapana faida.

Kesi nzito ilikuja na televisheni, baada ya Vita Kuu ya Pili. Chaneli 2 ilipewa megahezi 54 hadi 60. Mtambo unaorusha kwenye megahezi 28 huvujisha pia mawimbi hafifu yenye masafa maradufu, yaani 56, ndani kabisa ya chaneli hiyo. Kioo kilipojaa michirizi, jirani alichungulia dirishani, akaona antena juu ya paa la pili, na mshtakiwa akawa amepatikana.

Wanaredio walifungia mitambo yao ndani ya masanduku ya chuma na kuweka vichujio kwenye waya wa antena. Lakini mara nyingi kosa lilikuwa la televisheni yenyewe: seti ya bei nafuu, isiyo na kinga, ilizidiwa na mawimbi halali ya karibu. Dawa yake ilikuwa kichujio kidogo nyuma ya seti. Kumshawishi mwenye seti akubali kulihitaji ulimi kuliko bisibisi. Kwa hiyo mwanaredio mwerevu aliweka televisheni sebuleni kwake. Picha ikibaki safi huku anarusha, huo ndio ulikuwa utetezi wake. Aliyeshindwa kujitetea aliweza kuwekewa saa za ukimya: saa 2:00 hadi 4:30 usiku kila siku, na Jumapili tena kuanzia saa 4:30 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Mwaka 1982 sheria iliipa tume ya mawasiliano, FCC, mamlaka ya kudai vifaa vya nyumbani viwe na kinga.

Baadaye mlalamikaji akawa mwanaredio. Chaja, taa za LED na televisheni za plazma zilijaza majumba, na anayesikiliza ishara dhaifu kutoka ng'ambo ndiye aliyeumia kwanza. Upelelezi wake ni rahisi: redio ndogo ya betri mkononi, swichi kuu inazimwa. Kelele ikikoma, mkosaji yumo ndani, na saketi zinawashwa moja moja hadi ajitokeze. Huwa ni blanketi la umeme, hita ya tangi la samaki, au transfoma ya kengele ya mlango, kitu ambacho hakuna anayekikumbuka ingawa kimo kwenye umeme usiku na mchana. Kinga yake ya joto ikichoka hukata na kuunga, kukata na kuunga, kila mara kwa cheche. Ndugu mdogo wa ile mitambo ya zamani.

Kelele isipokoma hata nyumba ikiwa gizani, hutazamwa nguzo za umeme. Kifungo kilicholegea huko juu hulia siku za ukavu na mara nyingi hunyamaza mvua ikinyesha.