Vita vya mezani

Jana usiku niliacha kuandika programu nikapaka rangi kikosi changu cha askari wadogo wa plastiki. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa Prussia, alitoa kanuni za vita vya mezani: dadu na majedwali ndivyo vilivyoamua nani kafa. Kwangu mimi, hiyo ni programu bila kompyuta.

Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akachapisha Little Wars, mizinga ya kuchezea ikifyatua vijiti sakafuni. Alisisitiza kwamba vita vya kuchezea ni bora kuliko vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya ikalipuka, na moto ukafika hadi Taveta.

Askari wangu wakianguka, nawasimamisha tena. Wale wa Taveta hawakusimama.