Prosesa za Kale: Wakusanyaji na Wazidishaji wa Mwendo

Juu ya prosesa ya kompyuta huandikwa jina la kiwanda, namba ya aina yake na, mara nyingi, kipimo cha mwendo wake. Maandishi hayo ni machache, lakini yamezaa makundi mawili ya watu wenye tabia mbalimbali. Wa kwanza ni wakusanyaji, ambao huzitunza prosesa za zamani kama wengine watunzavyo sarafu na hati. Wa pili ni wazidishaji wa mwendo, ambao huzitia mashineni na kuzilazimisha kwenda mbio kupita kiasi kilichoandikwa. Aghalabu hudhaniwa kwamba wale huhifadhi na hawa huharibu. Historia yaonyesha kwamba jambo hilo si jepesi hivyo, maana makundi yote mawili huuliza swali moja: maandishi yale yasema kweli kiasi gani juu ya kitu chenyewe?

Asili ya prosesa zinazouzwa kwa watu wote ni mashine ya kupigia hesabu. Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani iitwayo Busicom iliiomba kampuni ya Intel, katika California, iitengenezee vipande vya silikoni kwa ajili ya mashine zake. Mpango wa Wajapani ulitaka vipande vingi, kila kimoja na kazi yake. Ted Hoff, akisaidiwa na Stanley Mazor, alishauri vipande vinne tu, na kimojawapo kiwe cha kufuata amri zozote kitakazopewa. Federico Faggin, aliyeingia Intel mwaka 1970, ndiye aliyeligeuza wazo hilo kuwa kitu, akishirikiana na Masatoshi Shima wa Busicom. Prosesa hiyo, 4004, ilitangazwa mwezi wa Novemba 1971. Ilikuwa na transista 2,300, miguu 16, na mwendo usiozidi kilohezi 740, yaani mapigo 740,000 kwa sekunde. Juu ya silikoni yake Faggin alichora herufi F.F., kama sonara atiavyo alama yake katika kazi ya mkono wake.

Katika mashine za miaka ile mapigo hayo yalianzia katika fuwele ya kwatsi, ambayo hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Na prosesa iliyafuata kama wapiga makasia wafuatavyo wimbo wa kiongozi wao. Kwa hiyo mwendo wa mashine haukuwa sawa daima na uwezo wa prosesa. Mfano ulio wazi ni kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Prosesa yake, 8088, ilitengenezwa kwa megahezi 5, lakini mashineni ilikwenda kwa megahezi 4.77. Sababu haikuwa udhaifu. Fuwele iliyotumika ilikuwa ya megahezi 14.318, iliyochaguliwa kwa kuwa ni mara nne ya kipimo kinachoongoza rangi katika televisheni za Marekani. Na mapigo yake yaligawanywa kwa 3. Basi mwendo wa prosesa ulikatwa kwa kipimo cha televisheni.

Mwaka 1984 IBM ilitoa mashine iliyoitwa AT, yenye prosesa 80286 iliyokwenda kwa megahezi 6 kwa fuwele ya megahezi 12. Wenye mashine hizo waligundua kwamba fuwele yaweza kung'olewa na kutiwa ya megahezi 16, na prosesa ikaenda kwa megahezi 8 bila kulalamika. Baadaye IBM iliweka ukaguzi katika programu ya kuwashia mashine: mwendo ukionekana kupita kiasi, mashine ilikataa kuwaka. Hapo ndipo lilipodhihirika jambo ambalo halijaisha hata leo, nalo ni kujua mnunuzi amenunua nini: kitu chenyewe pamoja na nguvu zake zote, au kile kipimo tu alichoandikiwa.

Ili kulielewa shauri hili yafaa kujua jinsi namba inavyopatikana. Prosesa nyingi hutengenezwa pamoja juu ya bamba moja la silikoni, kisha hukatwa na kupimwa moja moja. Hazitoki sawa kabisa, kama mikate ya tanuri moja isivyoiva sawa. Zile zinazostahimili mwendo mkubwa huandikwa namba kubwa na kuuzwa ghali, na nyingine huandikwa namba ndogo. Lakini mafundi wakiisha kuizoea kazi, zilizo bora huwa nyingi kuliko wanunuzi wa bei kubwa. Ndipo nyingine huandikwa namba ndogo kwa sababu ya soko tu.

Prosesa iliyopata sifa zaidi kwa ajili hiyo ni Celeron 300A ya mwaka 1998. Iliuzwa kwa bei nafuu ikiwa na mwendo wa megahezi 300, nao ulipatikana kwa kuyazidisha mapigo 66 ya bodi kwa nne na nusu. Mwenye bodi iliyoweza kutoa mapigo 100 alipata megahezi 450, na nyingi za prosesa hizo ziliustahimili mwendo huo. Lakini pengo hilohilo lilikuwa limewafungulia mlango wadanganyifu. Katika miaka ya 1990 palikuwa na wauzaji waliofuta maandishi ya prosesa na kuandika namba kubwa zaidi, wakiuza rahisi kwa bei ya ghali. Kufungwa kwa kizidisho ndani ya prosesa kuliwazuia wadanganyifu na wazidishaji waaminifu kwa pamoja.

Kuzidisha mwendo kuna gharama yake. Joto huongezeka kwa kadiri ya mwendo, na volteji ikiongezwa huongezeka kwa kadiri ya mraba wake. Tena mkondo mkali wa umeme husogeza chembe za madini katika nyaya nyembamba za ndani hata zikakatika. Kwa hiyo washindani hupoza prosesa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Kwa njia hiyo Celeron 352, iliyoandikwa gigahezi 3.2, imepita gigahezi 8.

Mkusanyaji hutazama mambo mengine. Hutazama kama maandishi ni ya asili au yamefutwa. Husoma tarakimu za mwaka na juma la kutengenezwa. Hupambanua kauri ya toleo moja na ya jingine. Kati ya 4004 zote, zile za kauri nyeupe yenye mistari ya kijivu hutafutwa kuliko nyingine. Kazi hii ni ile ile ya mhakiki wa miswada apambanuaye mkono wa mwandishi wa asili na mkono wa mnakili.

Adui mkubwa wa prosesa hizi ni myeyushaji wa dhahabu, wala si mzidishaji wa mwendo. Pentium Pro ya mwaka 1995, yenye kauri pana na miguu 387 iliyopakwa dhahabu, hununuliwa kwa uzito na kuvunjwa. Prosesa iliyoungua katika mashindano huacha nyuma kipimo cha uwezo wake. Iliyoyeyushwa huacha madini tu, na habari zake hupotea. Mwaka 2006 Intel ilitoa michoro ya 4004, hata ikawezekana kuijenga upya kwa umbo kubwa. Lakini michoro haionyeshi tofauti ya prosesa moja na nduguye.

Kwa hiyo makundi haya mawili yahitajiana. Mkusanyaji peke yake huhifadhi maandishi asiyoweza kuyapima. Mzidishaji peke yake hupima bila kuacha kitu cha kupimwa tena. Iliyo adimu haistahili kuunguzwa kwa ajili ya ushindi wa siku moja, na iliyo nyingi haipungukiwi heshima kwa kujaribiwa, mradi matokeo yaandikwe pamoja na namba zake zote. La kwanza kwa wote wawili ni kuwahi sokoni kabla ya mwenye tanuri.