Tramu 44: wikendi zetu za Ulaya na watu saba wa Tervuren

Wenzangu wasomi, tangu nirudi Bukavu swali moja linanifuata kila mahali, Nyawera, Kadutu, hata kwenye foleni ya maji: "Bulaya ulitembea wapi?" Hakuna anayeuliza nilisoma nini. Mimi nilikwenda kusoma historia, nikakaa miaka miwili Louvain-la-Neuve, nikarudi na diploma yangu. Lakini watu wanataka picha. Basi leo nizieleze hizo wikendi, na mniwie radhi kama sitausifu sana mnara wa Eiffel.

Nianze na mji wenyewe. Louvain-la-Neuve ulijengwa juu ya ugomvi wa lugha. Mwaka 1968 Waflamandi walidai wanafunzi na walimu wanaosema Kifaransa watoke katika chuo kikuu cha zamani cha Leuven. Chuo kikakatwa vipande viwili, na kuanzia 1971 wale wa Kifaransa wakajengewa mji mpya katikati ya mashamba. Ni mji wa wanafunzi tu. Ijumaa jioni unasikia magurudumu ya masanduku yakikwaruza njiani: Wabelgiji wanarudi kwao, kwa mama, na nguo zao chafu. Ikifika saa mbili usiku, mji unanyamaza kama masomo wakati wa likizo. Wanaobaki ni sisi tuliotoka mbali. Kwa hiyo msidhani safari zetu zilianza kwa utajiri. Zilianza kwa upweke.

Tulikuwa wanne. Mimi wa Bukavu, kaka mmoja Mulega wa Mwenga, dada mmoja wa Kinshasa, na Mrundi mmoja wa Bujumbura aliyekuwa anajua ratiba zote za treni kwa kichwa. Siri yetu ilikuwa Go Pass, kadi ya safari 10 kwa walio chini ya miaka 26. Uzuri wake, kadi moja mliweza kuitumia wote: kila mtu alijaziwa mstari wake kwa kalamu, tarehe, stesheni ya kutoka, stesheni ya kufika. Safari moja ilikuwa kama euro 5 na kidogo, uende karibu au uende mwisho wa nchi, bei ile ile. Chakula tulibeba: wali, mayai ya kuchemsha, siku moja fufu baridi, ambayo simshauri mtu. Na kwa kadi ya ukaazi ya Ubelgiji ulikuwa unapanda basi usiku Brussels, unaamka Berlin, hakuna aliyekusimamisha. Aliyewahi kusimama Ruzizi na karatasi mkononi akingoja kuvuka daraja atanielewa.

Bruges ni mzuri, una maji na madaraja, na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Paris tulilala chini kwenye sebule ya mjomba wa dada wa Kinshasa, tukapanga mstari, tukapiga picha, tukarudi. Basi, hayo yameisha.

Antwerp ndiko mambo yalianza kubadilika. Tulishuka kwenye ile stesheni kubwa iliyomalizika 1905, yenye paa kama kanisa kuu, dada wa Kinshasa akafungua simu kupiga video. Mimi nikakumbuka somo. Miaka ileile jengo lile lilipokuwa linapanda, meli za Kongo zilikuwa zinafunga bandarini mwa mji huo. Kijana mmoja Mwingereza, E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, alikuwa anatumwa pale mara kwa mara kuangalia shehena. Akaona jambo rahisi sana: meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, zinarudi Kongo na bunduki na risasi, karibu hakuna bidhaa za kulipia. Biashara bila malipo inaitwaje? Alipata jibu akiwa mezani na vitabu vya hesabu, bila kukanyaga Kongo. Ndugu zangu mnaosoma uhasibu na mnadhani historia haiwahusu, huyo ni mtu wenu.

Halafu kwenye duka tukakuta biskuti zenye umbo la mkono. Mikono midogo, imepangwa ndani ya boksi, na mingine ya chokoleti. Mulega wetu akarudisha boksi mahali pake kana kwamba limemchoma. Sote tulikuwa na picha ileile kichwani, ile ya mwaka 1904 aliyoipiga Alice Seeley Harris, ya Nsala amekaa akitazama mkono na mguu wa mtoto wake. Nikawaeleza, na nitawaeleza na nyinyi, juu ukweli ni ukweli hata ukitukera: biskuti zile hazikutoka Kongo. Ni hadithi ya mji, ya Brabo aliyemkata mkono jitu moja na kuutupa mtoni. Hadithi ni ya zamani kuliko Leopold. Mrundi akasema, "Sawa, mwanahistoria, basi nunua ule." Sikununua. Tulirudi kwenye treni tukibishana, na ubishi ule ulikuwa mzuri kuliko picha zote.

Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta waliotutangulia, maana tulijiona wa kwanza. Kumbe! Paul Panda Farnana, mzaliwa wa Nzemba karibu na Banana mwaka 1888, aliletwa Ubelgiji 1900 akiwa mtoto, akalelewa Ixelles, akasomea kilimo Vilvoorde, akaendelea Nogent-sur-Marne karibu na Paris. Vita ilipoanza 1914 alijiunga na Wakongomani wa kujitolea, akakamatwa Namur, akafungwa Ujerumani mpaka vita ikaisha. Ndiyo, na yeye alitembea miji ya Ulaya, lakini mingine aliiona nyuma ya nyaya. Mwaka 1919 alianzisha Union Congolaise, akawa anadai Wakongomani wasome masomo ya juu. Alifariki 1930. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1950 ndipo Thomas Kanza akaingia chuo kikuu kile cha Louvain ambacho mimi nililalamikia chakula chake.

Na kwa Kiswahili chetu hichihichi, watu waliandika juu ya miji ya Ulaya zamani sana. Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani Bumiller mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaandika safari yake; ilichapwa 1901 katika mkusanyo wa Velten, *Safari za Wasuaheli*. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli warudi pwani, wakubwa wa koloni wakakataa wawili hao washuke Dar es Salaam pamoja. Wakarudishwa. Akafia Ujerumani 1927. Hilo nalitaja kwa wale wanaosema kuchanganya damu na mzungu ni tiketi ya kila mlango.

Sasa Berlin. Tulifika alfajiri, shingo zimekufa ganzi. Mimi sikuwa na haja na ukuta, nilitaka Wilhelmstrasse. Pale ndipo palikuwa na nyumba ya Bismarck, ambamo kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885 mataifa 14 yalikaa kupanga masharti ya kuigawana Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Leopold alitoka kwenye majira yale na Kongo mfukoni. Nyumba haipo tena. Iliharibika na vita ya pili, leo ni majengo ya watu kuishi, madirisha yana maua, na kuna bango la maelezo. Mtu mmoja alikuwa anapitisha mbwa. Tulisimama kama dakika kumi tu, baridi ikatufukuza tukaenda Brandenburg kupiga picha kama kila mtu. Mimi nikaweka yangu mtandaoni, nimecheka, nina koti la kuazima.

Saa sita mchana ujumbe ukaingia, wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa mwaka wa tano wa sekondari. "Yaya, nimeona picha. Berlin iko muzuri. Leo balitufukuza masomo juu ya minerval."

Hakuongeza neno. Hakuomba kitu, na hilo ndilo baya zaidi. Tiketi ya basi kwenda na kurudi, pamoja na kitanda cha usiku mmoja, nilijua hesabu yake vizuri. Nilimwonyesha Mulega ujumbe. Yeye hakunituliza wala hakunihukumu, akasema tu kwamba na yeye ana ujumbe kama huo, wa mwezi uliopita, hajaujibu. Jumatatu nilituma pesa. Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa bado na Jumamosi jioni na Jumapili yote, na niliendelea kutembea Berlin, na nilikula soseji. Nawaambia hivyo juu hapa ni penye wasomi na tumechoka na hadithi za mashujaa.

Baada ya hapo tukakubaliana: safari za karibu tu, na si kila wikendi. Ndiyo maana Jumapili moja ya mwaka 2019 tulipanda tramu 44 kutoka Montgomery, inayopita katikati ya msitu mpaka mwisho wa reli, Tervuren. Jumba la makumbusho ya Afrika lilikuwa limefunguliwa upya Desemba 2018, baada ya miaka mitano ya matengenezo. Kila mtu alikuwa analisema.

Mnapaswa kujua asili yake. Mwaka 1897 Leopold aliandaa maonyesho Tervuren, akaleta Wakongomani 267. Waliwekwa kwenye vijiji vya kujengwa bustanini, kando ya maji, Wabelgiji zaidi ya milioni wakapita kuwatazama. Walikuwa wanawarushia vyakula mpaka likawekwa bango la kusema kwamba kamati inawalisha. Kiangazi kile kilikuwa na baridi na mvua. Saba walikufa. Jumba la leo, alilolichora Charles Girault, likafunguliwa 1910 kuendeleza yaliyoanzia katika maonyesho yale.

Ndani kuna mengi, na siku moja haitoshi. Mtumbwi mmoja una urefu wa zaidi ya mita 22. Kwenye ramani ya zamani nilitafuta mji wetu nikasoma Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa Leopold aliyejiua 1905. Babu zetu waliandika jina hilo juu ya bahasha mpaka miaka ya 1950. Lakini kilichonibakia ni mambo mawili.

La kwanza ni vitu vya Walega. Vinyago vidogo na sanamu za pembe, laini kwa kushikwashikwa, nyuma ya kioo. Kwa Walega vitu hivyo ni vya Bwami, na Bwami ni kama masomo: unapanda ngazi kwa ngazi, unafundishwa, unalipa, na mtu wa Kindi, ngazi ya juu, ndiye anaruhusiwa kushika pembe. Asiyeingizwa hapaswi hata kuona. Wakoloni walipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Mimi nilisogea kwenye kioo, nikaanza kusoma maandishi. Nikageuka kumwuliza mwenzetu wa Mwenga, nikamkuta ametazama ukuta. Amekipa kioo mgongo.

"Babu alikuwa navyo," akasema. "Mimi sijaingizwa. Siwezi kuangalia."

Watoto wa wazungu walikuwa wamebandika pua kwenye kioo. Yeye, ambaye vitu ni vya kwao, ndiye peke yake ndani ya chumba kile aliyeheshimu sheria ya vitu vile. Dada wa Kinshasa akaweka simu ndani ya mfuko. Hatuna picha ya chumba hicho.

La pili ni ukuta. Kuna korido yenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo wakati wa Leopold. Ilikuwa hivyo miaka yote, majina yao tu. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, akafanya kitu chepesi: akaandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha upande wa pili. Jua likitoka, kivuli cha majina kinaangukia ukutani, juu ya yale mengine. Siku yetu kulikuwa na mawingu. Tulingoja. Mrundi akaanza kuhesabu tramu tulizokosa. Karibu na saa tisa jua likatoka kidogo tukasoma haraka haraka: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Kisha tukatembea mpaka kanisa la Mtakatifu Yohane. Makaburi yapo nje, pembeni ya ukuta wa kanisa, mawe saba yamepangwa mstari mmoja. Watu walikuwa wanatoka mkahawani ng'ambo ya barabara. Mulega akavua kofia. Dada wa Kinshasa akasema sala kwa Kilingala, mimi nikaijibu kwa Kiswahili, ikaenda hivyo. Hakuna aliyekuja Ulaya kwa bursa pale chini.

Wenzangu watatu bado wako kule, mmoja wao alitaka kurudi lakini hali tunayoijua wote imemzuia. Mdogo wangu alimaliza sekondari, akapata diploma ya Serikali, sasa anatengeneza dosie ya bursa. Juzi usiku, umeme umekatika, ameshika tochi ya simu mdomoni anapanga nakala za vyeti, akaniuliza akifika aanze kutembea mji gani. Nikamwambia achukue tramu 44 Montgomery, ashuke mwisho wa reli, abebe mwavuli, na aende mchana, jua likiwa upande wa madirisha.